William Mulholland: aliyeleta maji Los Angeles, na bwawa alilolikagua asubuhi likabomoka usiku

Jina la Los Angeles likitajwa, wengi wetu tunafikiria sinema. Lakini mji huo wa Marekani umejengwa kwenye ukanda mkavu, na mto wake mdogo usingeweza kamwe kunywesha mamilioni ya watu wanaoishi pale leo. Aliyeyaleta maji kutoka mbali ni William Mulholland, mtu ambaye hakusomea uhandisi darasani na ambaye kazi yake ya kwanza ya maji aliifanya akiwa na koleo mkononi. Barabara maarufu ya milimani juu ya mji huo inaitwa kwa jina lake. Jina hilo hilo hutajwa wahandisi wanapofundishwa jinsi mradi mkubwa unavyoweza kuua watu waliolala vitandani mwao.

Tumeamua kusimulia maisha yake kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wanaishi chini ya lambo, bwawa au mfereji fulani, na mara nyingi hawajui ni nani aliyeukagua ukuta ulio juu yao.

Mulholland alizaliwa Belfast, Ireland, tarehe 11 Septemba 1855, akakulia Dublin. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Akiwa na miaka kama 15 aliingia baharini kufanya kazi melini, na mwaka 1874 akashuka New York na kubaki Marekani. Alifanya kazi kwenye meli za maziwa makubwa, akakata magogo, akauza nguo dukani kwa mjomba wake. Kisha yeye na kaka yake Hugh wakaamua kwenda California. Walijificha ndani ya meli, wakagunduliwa na kushushwa Panama. Nauli ya treni ya kuvuka nchi hiyo ilikuwa dola 25 kwa kila mmoja, fedha ambazo hawakuwa nazo, kwa hiyo waliivuka kwa miguu, zaidi ya kilomita 70, hadi bahari ya upande wa pili.

Alipofika Los Angeles mwaka 1877, mji ulikuwa na watu wasiozidi 10,000 hivi. Alipata kibarua cha kuchimba kisima. Mashine ilipofika chini sana ilileta juu mabaki ya mti wa kale, na kijana huyo akataka kujua mti umefikaje huko. Tangu hapo akaanza kusoma vitabu vya miamba, hesabu na mwendo wa maji, usiku baada ya kazi. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni binafsi ya maji ya mji kama mtunza mfereji. Kazi yake ilikuwa kuondoa majani, matope na takataka ili maji yapite. Wanaoamka alfajiri kuzibua mfereji kabla ya zamu yao ya kumwagilia wanaijua kazi hiyo.

Inasimuliwa kwamba siku moja bwana mmoja aliyepanda farasi alisimama kando ya mfereji akamuuliza yeye ni nani na anafanya nini. Mulholland, akiwa ndani ya matope hadi magotini, alimjibu kwa ukali kwamba ana kazi ya kufanya. Wenzake walimwambia baadaye kwamba yule alikuwa mkuu wa kampuni. Akaenda ofisini kuchukua mshahara wake wa mwisho kabla hajafukuzwa, akakuta amepandishwa cheo. Mwaka 1886 alikuwa tayari msimamizi wa kampuni nzima.

Jiji lilipoinunua kampuni hiyo mwaka 1902, hapakuwa na ramani za kuaminika za mabomba. Zote zilikuwa kichwani mwa Mulholland. Aliulizwa bomba fulani lina upana gani, limepita wapi, limefungwa lini, naye akajibu. Walipochimba hapa na pale kuthibitisha, walikuta maelezo yake ni sahihi. Basi jiji likamwajiri yeye pia. Watu wanaisimulia habari hii kama sifa, na kweli ni sifa. Sisi tunaisoma kwa wasiwasi kidogo, kwa sababu kitu kilicho kichwani mwa mtu mmoja hakina mtu mwingine wa kukisahihisha.

Alianza vizuri. Alifunga mita kwenye nyumba, na matumizi ya maji kwa kila mtu yakashuka kwa karibu theluthi moja. Lakini mji ulikuwa unakua kama uyoga. Mwaka 1900 ulikuwa na watu kama 102,000; kufikia 1920 ungekuwa na zaidi ya 570,000. Rafiki yake na bosi wake wa zamani, Fred Eaton, alimchukua kwa gari la farasi mwaka 1904 hadi bonde la mto Owens, mamia ya kilomita kaskazini, ambako theluji ya milima ya Sierra Nevada huyeyuka na kujaza mto. Bonde liko juu kuliko mji. Mulholland aliona mara moja kwamba maji yangeweza kushuka yenyewe hadi Los Angeles bila pampu hata moja.

Hapa lazima tuseme lililo kweli. Eaton alinunua mashamba na haki za maji kule bondeni, na wakulima wengi waliomuuzia waliamini kwamba ananunua kwa ajili ya mradi wa serikali wa kumwagilia bonde lao lenyewe. Walipojua ukweli, mambo yalikuwa yamekwisha. Uchungu huo haukusahaulika, na miaka 20 baadaye ulirudi ukiwa na baruti.

Kabla ya ujenzi, jiji lilifanya jambo moja la busara. Mwaka 1906 liliwaita wahandisi watatu mashuhuri kutoka nje, ambao hawakuwa watumishi wa Mulholland, wakapitia mpango wake wote: njia, gharama, mahandaki, mabomba. Walikwenda wenyewe kuona, wakauliza maswali, wakaidhinisha. Tunaomba msomaji akumbuke wahandisi hao watatu.

Kazi ilianza kwa nguvu mwaka 1908. Ulikuwa mfereji na bomba la urefu wa kilomita 375 kupita jangwani na milimani, na mahandaki zaidi ya 100. Mulholland alionyesha hapa kipaji chake cha kuongoza kazi. Wachimba handaki waliovuka lengo walilipwa nyongeza kwa kila futi iliyozidi, na handaki refu kuliko yote, la kilomita 8 hivi, likakamilika mapema kuliko ilivyokadiriwa. Alijenga kiwanda cha saruji karibu na kazi badala ya kuisafirisha kutoka mbali. Alijaribu matrekta makubwa ya kuvuta mabomba ya chuma, na yalipoharibika kila mara kwenye mchanga hakung'ang'ania, akarudi kwa nyumbu, makundi ya nyumbu 52 wakivuta bomba moja. Tunapenda sana kisa hicho cha nyumbu. Kinaonyesha mtu aliyekuwa tayari kukiri kwamba uamuzi wake wa kwanza haukufaa.

Tarehe 5 Novemba 1913 maji yalifika, mbele ya maelfu ya watu waliokuja na vikombe. Mradi ulikuwa umemalizika kwa gharama iliyokaribiana sana na makadirio ya dola milioni 24 na nusu, jambo ambalo hata leo ni nadra. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha California kilimpa mtunza mfereji huyo shahada ya heshima ya udaktari. Kuanzia hapo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote Los Angeles kumwambia Mulholland kwamba amekosea.

Kosa la mfereji wake lilikuwa moja: hapakuwa na hifadhi kubwa ya maji njiani. Mahali pazuri pa bwawa palikuwa juu bondeni, kwenye ardhi ya Eaton, ambaye alitaka karibu dola milioni 1. Mulholland aliona ni wizi, akakataa, na urafiki ukavunjika. Kisha ukame ukaja katika miaka ya 1920. Jiji likazidi kununua mashamba na kuvuta maji, ziwa Owens likakauka, na mwaka 1924 baadhi ya watu wa bondeni wakaanza kuulipua mfereji kwa baruti. Mfereji pia unavuka ufa mkubwa wa ardhi uitwao San Andreas, unaoleta matetemeko. Mulholland akasema mji lazima uwe na akiba ya maji ya mwaka mzima upande wa huku, karibu na nyumbani.

Alichagua korongo la San Francisquito, kama kilomita 60 na kitu kutoka mjini. Bwawa hilo liliitwa St. Francis, na lilijengwa kati ya 1924 na 1926.

Ukuta wa zege wa aina hiyo husimama kwa uzito wake tu. Maji yanausukuma kwa mbele, na yanayopenya chini ya msingi yanaunyanyua kutoka chini. Ukiwa mzito vya kutosha na ukikaa juu ya mwamba mzuri, hautikisiki. Ukiongeza kimo bila kupanua msingi, unaongeza nguvu ya maji kuliko unavyoongeza uzito wa kuizuia. Wakati ujenzi ukiendelea, Mulholland aliongeza kimo cha ukuta mara mbili, kila mara mita 3, ili bwawa libebe maji zaidi. Msingi haukupanuliwa inavyostahili. Mwishowe ukuta ulikuwa na kimo cha karibu mita 60, nyuma yake maji yapatayo mita za ujazo milioni 47.

Na mwamba? Upande wa magharibi ulikuwa mwekundu, wa kokoto zilizogandamana na udongo, mgumu ukiwa mkavu. Kipande chake ukikitia kwenye glasi ya maji kinasambaratika kuwa mchanga na matope. Upande wa mashariki ulikuwa mwamba wa ulanga, wa matabaka yanayoteleza kama kurasa za kitabu kilichoegemezwa. Mulholland aliujua mwamba huo. Miaka ya nyuma, walipokuwa wakichimba mahandaki kwenye korongo lile lile, yeye mwenyewe aliandika kwamba si imara. Visima vya kupunguza maji yanayopenya chini ya ukuta viliwekwa sehemu ya katikati tu, pembeni havikuwekwa.

Safari hii hakuna aliyewaita wahandisi watatu kutoka nje. Sheria ya California ya wakati huo ilimpa mhandisi wa jimbo mamlaka ya kukagua mabwawa, lakini iliyaacha nje yale ya miji yenye idara yake ya uhandisi. Mchoraji, mjenzi na mkaguzi wa bwawa la St. Francis walikuwa ofisi moja, na juu ya ofisi hiyo alikaa mtu mmoja ambaye mji mzima ulimwamini.

Bwawa lilipokuwa likijaa, nyufa zilitokea ukutani na maji yakavuja pembeni. Mulholland aliona ni kawaida ya zege, na ni kweli kwamba zege nyingi hupata nyufa na mabwawa mengi huvuja kidogo. Nyufa zikazibwa. Tarehe 7 Machi 1928 bwawa lilijaa kwa mara ya kwanza hadi karibu na ukingo.

Asubuhi ya tarehe 12 Machi, mlinzi wa bwawa, Tony Harnischfeger, aliona mvujo mpya upande wa magharibi, na maji yake yalikuwa na rangi ya tope. Kwa mtu wa mabwawa hiyo ni habari mbaya. Maji safi yanayovuja yanapita tu. Maji ya tope yanaondoka na udongo, maana yake kuna kitu kinaliwa huko ndani. Mlinzi alipiga simu. Mulholland, mwenye miaka 72, alikuja mwenyewe na msaidizi wake Harvey Van Norman. Walitembea juu na chini ya ukuta kwa karibu saa mbili. Waliona kwamba maji yanapotoka ni safi, na yanachafuka baadaye yakipita kwenye udongo mpya wa barabara. Mulholland akasema bwawa ni salama, wakarudi mjini kula chakula cha mchana.

Bwawa lilibomoka dakika chache kabla ya saa sita usiku wa siku hiyo hiyo.

Wimbi la kwanza lilikuwa na kimo cha mita 40 hivi. Huenda Harnischfeger na mwanawe wa miaka 6 walikuwa wa kwanza kufa. Dakika chache baadaye maji yalikifikia kituo cha umeme na nyumba za wafanyakazi wake na familia zao, na karibu wote wakaangamia. Kwenye kambi ya mahema ya wafanyakazi wa kampuni ya umeme, walikufa watu 84. Maji yaliingia mto Santa Clara yakifuata mashamba ya michungwa, yakibeba nyumba, madaraja, ng'ombe na watu, kilomita 87 hadi bahari ya Pasifiki, ambako yalifika karibu na mapambazuko.

Hapakuwa na king'ora wala mpango wowote wa kuwaonya walio chini ya bwawa. Waliookoka katika mji wa Santa Paula waliokolewa na simu. Mpokea simu wa zamu ya usiku, Louise Gipe, alipata habari baada ya saa saba usiku. Hakukimbia. Aliwaamsha polisi, kisha akaanza kupigia nyumba za bondeni moja baada ya nyingine. Polisi wawili wa pikipiki, Thornton Edwards na Stanley Baker, walipita mtaani wakigonga mlango mmoja, wakaruka miwili, wakagonga mwingine, na kila waliyemwamsha wakamwagiza akawaamshe majirani. Maji yalifika pale baada ya saa tisa usiku, na watu wengi walikuwa tayari juu kilimani.

Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 400. Idadi kamili haijulikani, kwa sababu wengi walikuwa vibarua wa mashambani kutoka Mexico na familia zao, watu ambao majina yao hayakuandikwa popote hata walipokuwa hai. Mifupa iliendelea kupatikana kwa miaka mingi.

Mulholland aliamshwa kwa simu usiku ule ule, na inasimuliwa kwamba alikuwa akimwomba Mungu isiwe watu wamekufa. Kwenye uchunguzi wa vifo alifika akiwa mzee ghafla. Wengine walitaka isemwe kwamba ni baruti za watu wa bonde la Owens. Yeye alikuwa na sababu ya kuikumbatia hoja hiyo kuliko mtu yeyote, na mwanzoni aliitaja. Lakini hakujificha nyuma yake. Alikiri kwamba kama kuna kosa la binadamu, binadamu huyo ni yeye, asilaumiwe mwingine. Aliongeza kwamba anawaonea wivu waliokufa. Kwa maoni yetu hilo halipunguzi hata kifo kimoja, ila ni viongozi wachache wa miradi waliowahi kusema hivyo mbele ya mahakama.

Tume ya gavana iliandika ripoti yake kwa siku chache tu, ikalaumu mwamba mwekundu wa magharibi. Miongo mingi baadaye, watafiti walirudi kwenye picha, vipimo na mabaki, na wengi sasa wanaamini kubomoka kulianzia mashariki. Mwamba wa ulanga pale ulikuwa sehemu ya poromoko kubwa la kale, na maji ya bwawa yaliliamsha upya. Sehemu ya katikati, ile yenye visima chini yake, ilibaki imesimama peke yake kama jiwe la kaburi, mpaka ilipobomolewa mwaka 1929.

Wazee wa baraza la uchunguzi hawakuona jinai. Waliandika kwamba kosa lilikuwa la uamuzi wa kihandisi, na kwamba ujenzi na uendeshaji wa bwawa kubwa usiachwe kamwe mikononi mwa mtu mmoja, hata awe bingwa kiasi gani. Mwaka 1929 California ilipitisha sheria mpya. Mabwawa ya miji yakawekwa chini ya ukaguzi wa jimbo, tangu michoro hadi kujazwa maji na miaka yote baada ya hapo, na yaliyokuwepo yakakaguliwa upya. Wahandisi nao wakatakiwa kusajiliwa.

Mulholland aliacha kazi mwishoni mwa 1928 na Van Norman akashika nafasi yake. Mkewe Lillie alikuwa amefariki tangu 1915. Aliishi kimya, akitoka nyumbani mara chache, mpaka alipofariki tarehe 22 Julai 1935 akiwa na miaka 79.

Kuna bwawa lingine la zege alilolijenga miaka ile ile, kwenye vilima vya Hollywood, juu kabisa ya nyumba za watu, na lina jina lake. Baada ya msiba, wakazi wa chini hawakuweza kulala wakiuona ukuta ule. Wakaguzi walilipima, jiji likapunguza kiwango cha maji yake, kisha katika miaka ya 1930 likajaza udongo mwingi sana mbele ya ukuta na kupanda miti. Bwawa bado lipo. Anayepita chini yake leo anaona kilima chenye miti, na sehemu kidogo tu ya zege kule juu.